Mwandishi Yupo, Mwulizeni

Kila anayeandika mtandaoni kwa Kiswahili ameshaulizwa swali hili, mara nyingi na mtu aliyemkuta na makala yake mkononi: "Si umeiweka mwenyewe mtandaoni?" Anayeuliza huwa hafanyi mzaha, anashangaa kweli. Wahariri wa magazeti husema hivyo, watangazaji wa redio husema hivyo, maadmini wa makundi ya WhatsApp husema hivyo, na siku hizi hata wasomaji wasio na ubia na yeyote kati yao. Imani iliyo nyuma ya swali hilo ni kwamba kitu kikishafika mtandaoni ni cha wote, na anayetaka chake kibaki chake angekiacha kwenye daftari. Ukibisha unaitwa mchoyo.

Mimi nabisha. Imani hiyo haina mguu wa kusimamia, si katika sheria, si katika adabu, wala si katika desturi zetu ambazo husingiziwa kuitetea. Na wanaoishi kwayo wanawamaliza waandishi walewale wanaowategemea kupata cha kuchapisha kesho.

Nianzie kwenye sheria, maana wengi hudhani haipo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unasema kwamba ulinzi wa kazi ya mwandishi haufungwi na taratibu zozote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, ile ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003 zimejengwa juu ya msingi huo. Ukishaandika, haki ni yako. Haingoji kusajiliwa, haingoji muhuri wa ofisi, haingoji alama ya herufi C ndani ya duara chini ya ukurasa. Inabaki kuwa yako maisha yako yote, kisha ya warithi wako kwa miaka 50 baada ya kifo chako. Hakuna kifungu kinachosema kwamba haki hiyo inakatika mtu akibonyeza kitufe cha kuchapisha. Kuchapisha ni kuwaalika watu wasome. Asubuhi pale kwa muuza magazeti watu husimama wakasoma kurasa za mbele bila kulipa hata senti, na hakuna hata mmoja anayeondoka akiamini ameruhusiwa kwenda kulichapa gazeti lile upya kwa jina lake.

Imani hii si ya kwetu peke yetu, na kwingine imeshapimwa ikaanguka. Mwaka 2010 jarida dogo la mapishi la Marekani, Cooks Source, lilichapisha makala ya mwanamke mmoja kuhusu historia ya pai za matofaa. Aliiandika mtandaoni miaka mitano kabla, na jarida halikumwuliza. Alipogundua hakudai fedha za kuweka mfukoni: alitaka aombwe radhi, na jarida litoe mchango wa dola 130 kwa chuo cha uandishi wa habari. Mhariri akamjibu kwamba mtandao ni mali ya umma, kwamba ashukuru kazi yake haikuwekewa jina la mtu mwingine, na kwamba kwa jinsi ilivyohitaji kuhaririwa, yeye ndiye aliyestahili kulipa. Majibu hayo yakasambaa. Wasomaji wakayafungua matoleo ya nyuma, wakakuta makala nyingine zilizochukuliwa vivyo hivyo, waliokuwa wakitangaza biashara zao humo wakajitoa, na mwezi huohuo wa Novemba jarida likafungwa.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, nacho kinagusa hoja nitakayoirudia. Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipoiangusha Port-au-Prince, mpiga picha wa Haiti Daniel Morel alikuwa mjini. Alipiga picha siku ileile akaziweka mtandaoni kupitia Twitter. Mtu mwingine akazichukua akaziweka kwenye ukurasa wake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la AFP likazichukua zikiwa na jina la huyo wa pili, likazisambaza duniani kupitia Getty Images. Kesi ilipofika mahakamani New York, AFP ilijitetea kwamba masharti ya Twitter yanaruhusu watu kutumia kilichowekwa humo. Mahakama ilikataa, na Novemba 2013 Morel akashinda fidia ya takriban dola milioni 1.2. Angalieni kwamba jina la "chanzo" lilikuwepo. Lilikuwa la mtu asiyehusika. Lau mhariri mmoja angeuliza, "Hizi picha ni zako?" na kungoja jibu, kesi nzima isingekuwepo.

Hapo ndipo huinuka sauti kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tunagawana, kwetu neno ni la wote. Anayesema hivyo hajazisoma tenzi za kwao. Mwana Kupona alipomtungia binti yake wasia mwaka 1858, hakuumaliza bila kujitaja kwa jina, kutaja Pate alikozaliwa, na kuweka tarehe ya utungo, 1275 ya Hijria. Wanazuoni wa pwani waliosoma hadithi za Mtume walifundishwa kwamba neno lisilo na isnadi, yaani mlolongo wa nani alilipokea kutoka kwa nani, halisimami. Malenga waliolumbana kwenye magazeti, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, walitia majina au lakabu zao chini ya mashairi, mara nyingi na mji walikotoka, na aliyetaka kujibu alimjibu mwenyewe kwa jina. Kumtambua mwenye neno ni adabu ya kwetu kabla hata ya sheria kuja. Kilicho kigeni ni hii tabia ya kukata jina.

Nitoe mfano ninaoujua kwa karibu. Dada mmoja wa Tanga huandika mapishi ya pwani. Siku moja aliandika kuhusu mkate wa kumimina. Alikuwa ameloweka mchele usiku, akausaga asubuhi na tui zito na iliki, akatia sukari na hamira, akauacha uumuke. Mkate wa kwanza ulishuka katikati, wa pili ukaungua chini, wa tatu ndio aliopiga picha, hatua moja baada ya nyingine, na kwenye pembe ya kila picha akaandika jina lake. Alipochapisha alikuwa amekosea mahali pamoja: badala ya kijiko cha chai cha hamira aliandika kijiko cha chakula. Msomaji akamstua kabla ya magharibi, naye akasahihisha papo hapo na kuweka maelezo chini ya makala.

Kufikia saa hiyo makala ilikuwa imeshabebwa. Ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi uliibandika yote, picha zimekatwa pembe ili jina lisionekane, kijiko cha chakula kikiwa palepale. Kutoka hapo ikaingia WhatsApp, na kutoka WhatsApp ikasomwa redioni kwenye kipindi cha akina mama. Watu wakatia hamira kama walivyoelekezwa, rojo likafurika nje ya sufuria, mkate ukatoka unanuka hamira tupu. Waliojua mapishi yametoka kwa nani walimpigia yeye kulalamika. Waliochukua hawakupigiwa na mtu. Alipouandikia ukurasa ule, akiomba tu hicho kijiko kisahihishwe, alijibiwa kwamba mapishi ni ya bibi zetu, hayana mwenyewe.

Ni kweli mkate wa kumimina ni wa bibi zetu. Sheria nayo haimpi mtu umiliki wa wazo au wa njia ya kupika. Inalinda maneno aliyoyatumia kueleza na picha alizopiga. Kwa hiyo ukurasa ule ulikuwa na haki kamili ya kuingia jikoni, kuloweka mchele wake, kuunguza mikate yake na kuandika kwa maneno yake. Haukufanya hivyo. Ulibeba sentensi za mtu, picha za mtu na asubuhi ya mtu jikoni. Na kikubwa kuliko vyote, ulimnyang'anya uwezo wa kusahihisha. Hili wanaotetea kunakili hawaligusi kabisa. Mwandishi anayetunza ukurasa wake huurudia: hurekebisha kosa, huongeza taarifa mpya, huondoa kilichopitwa na wakati, na pengine huondoa makala nzima kwa sababu imemweka mtu hatarini. Nakala zilizotawanyika hazimsikii. Kwenye mkate hasara ni mchele na nazi. Hebu wekeni badala yake kipimo cha dawa ya mtoto, au tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, muone hasara inaishia wapi.

Wenye aibu kidogo husema, "Lakini nilitaja chanzo." Nawaheshimu kuliko wale wanaoandika "Na Mwandishi Wetu" juu ya makala isiyo yao, lakini bado wanachanganya mambo mawili. Kumtaja mwandishi ni haki yake. Kumwomba ruhusa ni haki yake nyingine. Kutimiza moja hakufuti nyingine. Mkataba wa Berne unaruhusu kunukuu bila kuomba, mradi nukuu iwe ya kiasi kinacholingana na kusudi lake, iendane na uungwana, na itaje chanzo pamoja na jina la mwandishi. Huo ni uhuru mkubwa na mimi nautetea kwa nguvu zote. Ukitaka kunipinga, chukua aya yangu, iweke ndani ya alama za kunukuu, nitaje, kisha ichanechane. Huhitaji kunipigia simu. Habari zenyewe za siku, kwamba daraja limevunjika au bei ya mafuta imepanda, hazina mwenyewe, na mkataba huohuo unasema hivyo. Lakini kubandika makala yote kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho, kisha kuandika jina la blogu kwa herufi ndogo huko chini, si kunukuu. Hakuna unachokijadili humo. Umehamisha kazi ya mtu kutoka kwake kuja kwako, na msomaji aliyeimaliza kwako hana sababu ya kwenda kwake.

Na hata hicho kinachoitwa kutaja chanzo, mara nyingi hakimtaji mtu. "Chanzo: Mtandao." "Picha kwa hisani ya mtandao." Maneno haya tumeyazoea kwenye magazeti, kwenye runinga, hata kwenye machapisho ya taasisi zinazojiheshimu. Mtandao haukubeba kamera. Aliyebeba ni mtu, alisimama juani, alilipia nauli, na mara nyingi jina lake lilikuwa pale pale aliyechukua alipochukua. Siku hizi picha inaweza kutafutwa kinyumenyume kwenye mitambo ya kutafuta, ikaonyesha kurasa nyingine ilikowahi kuwekwa, na mara nyingi kati ya hizo yumo aliyeanza. Mhariri asiyepata dakika chache za kufanya hivyo hana haki ya kuitumia picha hiyo.

Kuna wanaojitetea kwa kusema mtandao uliasisiwa kwa moyo wa kugawana. Basi twende kwa wale wanaogawana kweli, tuone wanafanyaje. Tangu mwaka 2002 kuna leseni za Creative Commons, ambazo mwandishi huziweka mwenyewe kwenye kazi yake kuwaambia watu wote kwamba wachukue bila kumwomba. Tovuti ya habari ya Global Voices, yenye toleo la Kiswahili, huchapisha kwa leseni ya namna hiyo, nayo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, iko chini ya leseni za jamii hiyohiyo. Hawa ndio wakarimu kuliko wote. Na bado wanakutaka umtaje mwandishi, uonyeshe kazi ilikotoka, useme kama umebadilisha kitu. Wikipedia inaongeza sharti kwamba ulichokitengeneza kutokana na makala zake nacho ukiache wazi kwa wengine. Ikiwa waliogawa kwa hiari yao wenyewe wameweka masharti, asiyegawa chochote atakuwaje na masharti pungufu ya hayo? Kuwepo kwa leseni hizo kunathibitisha kinyume cha wanachodai: kazi isiyo na leseni huria ina mwenyewe, na anapaswa kuombwa.

"Tunamtangaza." Hii nayo huniudhi sana. Mwandishi anatangazwa na kiungo kinachompeleka msomaji kwake. Nakala nzima inamzuilia msomaji kule ilikobandikwa, na mtu akitafuta makala hiyo baadaye anaweza kuletewa nakala kabla ya asili, kwa kuwa aliyenakili ana ukurasa mkubwa zaidi. Tukumbuke pia kilichowapata wanablogu wa Tanzania. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wawe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine za mwaka. Juni mwaka huo hata jukwaa la mtandaoni la JamiiForums lilisimamisha huduma kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa, lakini wapo waliokwishaacha. Aliyebaki akalipia haki ya kuandika, halafu akaja mtu akabeba maandishi yake bure akayatumia kuvutia matangazo, hajatangazwa. Ameongezewa mshindani anayemlisha mwenyewe.

Hoja moja naipa uzito wake, kwa sababu husemwa na watu wanaokipenda Kiswahili. Wanasema lugha yetu ina maandishi machache mtandaoni, hivyo kila kinachosambaa ni faida, na kuwabana watu kwa ruhusa ni kuikaba lugha. Uchungu wao ni wangu. Lakini makala moja iliyobandikwa kwenye kurasa 20 bado ni makala moja. Anayetafuta kwa Kiswahili namna ya kutunza mche wa mkarafuu, au dalili za kisukari, atakutana na maneno yaleyale mara 20, na kosa lilelile mara 20. Lugha inakua pale mtu anapokaa chini na kuandika kisichokuwepo, na anayefanya hivyo anahitaji sababu ya kurudi kuandika tena: barua za wasomaji wake, jina lake kujulikana, mwaliko wa kazi, pengine shilingi mbili tatu. Vyote hivyo hupitia kwenye jina na kwenye ukurasa wake. Ukivikata, anaacha. Nimeona kurasa nzuri za Kiswahili zikikoma hivyo, moja ya historia ya mitaa, nyingine ya ufugaji wa kuku, wenyewe wamechoka kukutana na kazi zao zikiwa na majina ya wengine. Nakala zao bado zinazunguka hadi leo. Makala mpya hakuna.

Haki hii inatukata na sisi wenye blogu. Makala nyingi za afya, mapenzi na ujasiriamali tunazozisoma kwa Kiswahili zimefasiriwa kutoka kurasa za Kiingereza bila neno moja kuhusu aliyeziandika. Tafsiri nayo inahitaji ruhusa. Mkataba wa Berne umempa mwandishi haki hiyo waziwazi. Anayepiga kelele kuibiwa hawezi kuwa na makala iliyofasiriwa kwa siri kwenye ukurasa wake.

Na kuomba ruhusa si kazi ngumu kama inavyosemwa. Ujumbe wenyewe ni huu: "Habari za kazi. Naitwa fulani, ni mhariri wa ukurasa fulani. Nimesoma makala yako kuhusu kilimo cha mwani, ningependa kuichapisha yote Jumamosi ijayo, ikiwa na jina lako na kiungo cha ukurasa wako pale juu kabisa. Hatutabadilisha neno bila kukuonyesha. Malipo tunayoweza kutoa ni kiasi hiki, au hatuna malipo. Naomba unijulishe kama unakubali." Mweleze kiasi unachotaka, mahali utakapoitumia na muda. Mwambie ukweli kuhusu fedha. Wengi watakubali bila malipo, wasichokubali ni kufichwa. Akiruhusu makala, hajaruhusu picha ambazo huenda yeye naye alizipata kwa mpiga picha mwingine, kwa hiyo ziulizie peke yake. Akiruhusu kwenye tovuti, hajaruhusu kwenye kitabu.

Asipojibu je? Wengi huchukulia kimya kuwa idhini, na hilo nalikataa kabisa. Huenda yuko safarini, huenda ujumbe umeingia mahali asipofungua, huenda anatafakari. Umebakiwa na njia iliyo wazi siku zote: eleza kwa maneno yako makala inasema nini, nukuu sentensi zilizokugusa, weka kiungo, waache wasomaji waende wenyewe. Akikataa, mshukuru na uiache. Hana deni la kukueleza sababu.

Kwa wenye magazeti, redio na kurasa kubwa nina dai moja zaidi. Mwandishi akija kulalamika, msimjibu kwamba atume uthibitisho wa usajili, maana sheria haimtaki awe nao. Kenya, kwa marekebisho ya sheria mwaka 2019, imeweka hata utaratibu wa kuwapelekea watoa huduma za intaneti taarifa ya kuondoa kilichochapishwa kinyume cha hakimiliki; msingoje kufikishwa huko. Linganisheni makala mbili, jambo la dakika kumi. Ikiwa ni yake, mwulizeni anataka nini: iondolewe, ibaki na jina lake, au alipwe. Kisha mwombeni radhi kwenye ukurasa uleule uliobeba makala yake, kwa herufi za ukubwa uleule, mkimtaja jina.